Doa Limekataa

Kola ya Mwalimu Kambi ilikuwa imelowekwa tangu jana asubuhi, ikasuguliwa kwa brashi ya viatu, ikapakwa magadi, ikaanikwa juani, ikalowekwa tena, na bado ule mstari mweusi wa mafuta ulikuwa palepale, umenyooka kama reli.

"Treni ikipita hapa," alisema Babu Povu, mfuaji, akiliinua shati kwa vidole viwili kama mtu aliyekamata panya kwa mkia, "itasimama sikio la kushoto, ishushe abiria, ijaze maji, ndipo iendelee kisogoni."

"Lete nilipige pasi hivyohivyo, babu," alisema Profesa. "Saa sita naondoka nalo."

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa binti mpiga pasi wa miaka ishirini na mmoja, na jina hilo alibandikwa na wateja waliomkuta akizungumza na ukuta. Ukuta wenyewe ulistahili kuzungumzwa nao. Mbele ya meza yake alikuwa amebandika, kwa wanga uleule wa kukazia kola, mitihani ya kuingilia chuo ya miaka kumi, aliyoiazima kwa huyu na yule akainakili kwa mkono. Majibu aliyafunika kwa leso iliyobanwa na pini. Kila mashati matatu, swali moja: alisoma, akapiga pasi huku anafikiri, akaandika kwenye kipande cha boksi, ndipo akainua leso. Akikosea hakujitetea. Kosa liliingia kwenye daftari jembamba alilolificha chini ya kopo la wanga. Aliyoyapatia hakuyaandika humo hata siku moja.

"Nguo safi hailowekwi," alisema.

Kosa lilirudiwa kesho yake, likarudiwa baada ya siku tatu, likarudiwa baada ya wiki, mpaka litoke. Na likishatoka, lilipelekwa kwa Babu Povu, ambaye alikaa kwenye beseni lake na povu mpaka kwenye viwiko na kusikiliza kama hakimu.

"Mimi niliishia darasa la nne," mzee alimwambia siku ya kwanza. "Basi kama sijaelewa mimi, hata wewe hujaelewa. Umekariri tu."

Kwa sheria hiyo Babu Povu alikuwa ameshasoma, akiwa ameinama hivyohivyo, sehemu kubwa ya hesabu za kuingilia chuo, na mtaani walisema anafua mashuka kwa mstatili na soksi kwa pembetatu. Walisema mengi. Lakini ni kweli kwamba Jumapili, dobi likifungwa, Profesa alijifungia humo kwa muda wa saa tatu akafanya mtihani mzima peke yake, bila maji wala daftari. Aliongozwa na saa ya mezani iliyokimbia dakika kumi katika kila saa moja. Alikataa kuitengeneza. Alisema atakayezoea kukimbizana na saa mwongo hataogopa saa mkweli.

Dobi lenyewe lilikuwa chumba kimoja na ua. Mabeseni manne, pipa la maji, kamba sita, na pasi ya mkaa, kwa sababu tangu bei ya umeme ipande mara ya tatu ile ya umeme ilistaafishwa, ikawekwa juu ya daftari la wateja lisipeperuke. Mwenye dobi, Mama Dobi, alikuwa na sheria mbili, na zote mbili zilikuwa kali kuliko za serikali kwa sababu zilifuatwa.

Ya kwanza: kilichotoka mfukoni hurudi kwa mwenyewe. Kinatiwa kwenye bahasha ya kaki, kinaandikwa namba ya mteja, kinafungwa pamoja na nguo. Bahasha hizo ziliwahi kurudisha meno ya bandia, barua mbili za talaka, na paja la kuku lililotoka kwenye koti la diwani miezi miwili baada ya harusi aliyoalikwa. Nalo lilifungwa, likaandikwa namba, likarudishwa, na diwani akashukuru.

Ya pili: nguo iliyofuliwa kwa haki ikashindikana hairudi kimya. Hubandikwa kikaratasi. Vikaratasi hivyo Mama Dobi alivikata mwenyewe kwenye maboksi ya sabuni, akaviandika kwa herufi kubwa, DOA LIMEKATAA, ili mteja asije akasema dobi ni mvivu.

"Sisi tunafua," alisema. "Miujiza waende kanisani au msikitini, wachague."

Mwalimu Kambi alikuwa mteja namba 47. Mashati saba kwa wiki, na kila kola na kikaratasi chake. Asubuhi alifundisha hesabu katika shule ya serikali, lakini alifundisha mpaka pale penye "kwa hiyo" akaweka chaki mezani na kupangusa vidole. Kilichokuja baada ya "kwa hiyo" kilipatikana saa kumi jioni, katika darasa lilelile, ubao uleule, chaki ileile ya serikali, ila sasa mlangoni palikaa mtu mwenye kitabu cha stakabadhi. Ndiyo ilikuwa Kambi ya Ushindi. Profesa alipomaliza shule hiyo miaka miwili nyuma alikuwa na daftari zima la "kwa hiyo". Yaliyobaki aliyatafuta mwenyewe, ukutani.

Mwaka huu alikuwa amejiandikisha mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kupitia shule yake ya zamani, akalipa ada yote ya mtihani kutoka mshahara wake wa pasi. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Leo ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho ya kuchukua kadi, na ofisi hufungwa saa tisa. Bila kadi hakuna kuingia ukumbini, hata uwe umemeza vitabu vyote na waandishi wake. Na mgawaji wa kadi, kwa kuwa Mungu naye hupenda mzaha, alikuwa Mwalimu Kambi.

"Mara ya kwanza alikuambiaje?" aliuliza Mama Dobi, akifunga mashati ya namba 47.

"Kadi bado hazijafika."

"Na ya pili?"

"Zimefika, ila karani ana ufunguo."

"Na jana?"

"Karani anao ufunguo, ila kabati ni la mwalimu."

"Ala!" Mama Dobi akakaza fundo. "Basi vizuri leo unakwenda na mashati yake. Mtu hamfukuzi aliyemshikia nguo."

Babu Povu akainua kichwa. "Na usimwambie habari za tangi!"

Habari za tangi zilikuwa hivi. Jumanne, katika mfuko wa shati la namba 47, Profesa alikuta karatasi iliyokunjwa, imelowa jasho mpaka inanuka kama ndani ya kiatu. Juu yake palichapwa: KAMBI YA USHINDI, MASWALI YANAYOTARAJIWA NA MAJIBU YAKE. Aliikunjua kwa ncha za vidole, akaipitishia pasi ili ikauke kabla ya kuitia kwenye bahasha. Hapo ndipo macho yalipomponza. Swali la nne: bomba la kwanza hujaza tangi kwa saa sita, bomba la pili hulimwaga tangi hilo kwa saa nane, yote mawili yakifunguliwa, tangi litajaa kwa saa ngapi? Na jibu la mwalimu, limechapwa kwa wino mzito: saa tatu na dakika ishirini na sita hivi.

Alimsomea Babu Povu. Mzee aliacha kufua.

"Ngoja. Tangi linajazwa huku linavuja?"

"Ndiyo, babu."

"Na limejaa upesi kuliko lisilovuja?"

"Ndivyo anavyosema mwalimu."

Babu Povu alicheka mpaka akateleza, akakaa ndani ya beseni la nguo nyeupe na kutoka safi upande mmoja. "Nitoboleeni pipa!" alipiga kelele. "Nitoboleeni pipa langu lijae!"

Katika kucheka huko pasi ilisimama juu ya karatasi kitambo kuliko inavyotakiwa, ikaacha alama ya kahawia ya ncha yake pembeni. Na Profesa, ambaye hakuweza kuona hesabu iliyochafuka akaipita, alichukua kalamu nyekundu ya kuandikia namba za nguo akaandika pembeni mwa swali: "Bomba la pili linamwaga, halijazi. Toa, usijumlishe. Saa 24." Kisha akaitia karatasi kwenye bahasha, akaandika 47, ikaenda. Sheria ni sheria.

Shule ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Getini palining'inizwa bango refu la plastiki lenye nyuso za waliofaulu mwaka jana: WOTE NI MATUNDA YA KAMBI YA USHINDI. Profesa alikuwa anamfahamu wa mwisho kulia. Alikuwa mlinzi wa ghala la mbao, kijana aliyejisomea kwenye kibanda cha mlinzi na hakuwahi kukanyaga kambi yoyote ila ya chawa. Siku alipoona sura yake pale alimwambia Profesa, "Mimi ni tunda la huyu? Basi nilianguka kutoka mti wa jirani." Wakacheka sana siku hiyo.

Nje ya ofisi palikuwa na foleni ya watu kumi na wanane, ukutani tangazo lenye muhuri: KADI ZA MTIHANI HUTOLEWA BURE. Chini yake ndoo ya maji ya kunywa yenye kikombe kimoja kilichofungwa kwa mnyororo, na ndani ya maji nzi wawili waliokwisha kukata tamaa. Upepo ulitoka upande wa vyoo. Watu walikuwa wamejifunika pua kwa vitabu vyao, na kwa kweli ndiyo kazi pekee iliyoonekana kufanywa na vitabu vile.

Mbele yake alisimama binti mwenye miwani, sare ya shule imenyooka vizuri. Profesa aliitambua kwa mikunjo, aliipiga yeye juzi. Mteja 112. Kifuani alikumbatia furushi la karatasi za kambi lililomfika kidevuni.

"Dada, wewe umemaliza zote?" Miwani aliuliza.

"Zipi?"

"Hizi. Mimi nimezisoma mara nne nne. Nimepigia mstari mpaka kalamu imekwisha." Akashusha sauti. "Lakini nikikaa peke yangu, nikifunika, sijui pa kuanzia. Nikiona jibu najiambia, ah, si ndiyo hilo. Likiondoka na mimi naondoka."

"Huwa unafunika lini?"

"Nikiwa kitandani. Roho ikienda mbio."

Profesa angemjibu, lakini foleni ilisogea.

Mwalimu Kambi alikaa nyuma ya meza akimenya yai la kuchemsha. Kadi zilikuwa zimepangwa mbele yake, na kiini cha yai kilidondoka juu yake kama mchanga wa njano. Kila alipotafuta jina alilamba kidole gumba, akageuza kadi, akalamba tena. Kando yake karani wa shule aliandika katika daftari kubwa bila kuinua uso. Kwapa za mwalimu zilikuwa na ramani mbili, ya jana na ya leo.

"Aaa, dobi!" alisema, mdomo umejaa. "Weka hapo. Yamenyooka?"

"Yamenyooka, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, salamu kwa Mama Dobi."

Profesa hakuondoka. "Nimefuata na kadi yangu."

Mwalimu akatafuna taratibu. "Kadi. Wewe ni wa kambi?"

"Wa kujitegemea."

"Wa kujitegemea!" Akageukia foleni ili wote wapate faida. "Mnamsikia? Anajitegemea. Kambi hakuja, marudio hakuja, hata semina ya bure hakuja. Amesomea wapi? Kwenye soksi za watu!"

Wachache walicheka, cheko la watu ambao zamu yao haijafika.

"Mwalimu, pale ukutani wameandika zinatolewa bure."

"Nani kakuomba hela hapa? Karani, nimemwomba hela?"

"Hujamwomba," alisema karani, bila kuinua uso.

"Kadi ni bure. Ila shule haiwezi kumpeleka mtu mtihanini hajaandaliwa, akaja kutuaibisha. Lazima pawe na uthibitisho wa maandalizi."

"Uthibitisho huo umeandikwa wapi?"

"Nimeuandika hapa," alisema mwalimu, akajigusa kichwa kwa kidole chenye yai.

"Naomba kumwona mkuu wa shule."

"Mkuu yupo semina," alisema karani.

"Anarudi lini?"

"Jumanne." Ndipo karani alipoinua uso, na usoni mwake mlikuwa na aibu kidogo, kama ya mtu aliyekanyaga kitu na anajua wote wamekinusa. Akauinamisha tena.

Saa ya ukutani ilisema saa nane na robo. Profesa alizoea saa inayokimbia, lakini hii ilikimbia vibaya zaidi. Aliangalia kadi. Ya kwake ilikuwa ya tatu kutoka juu. Aliona picha yake mwenyewe, na kipande cha yai juu ya paji la uso.

Mwalimu akainama karibu. Pumzi yake ilitangulia.

"Mimi sina roho mbaya, binti. Wewe ada ya kambi nimekusamehe yote. Saini tu hapa." Akazungusha daftari kubwa. Juu palisomeka: MIMI MTAHINIWA NAKIRI KUANDALIWA NA KAMBI YA USHINDI. Chini yake majina, mistari kwa mistari, saini za kila aina, nyingine zimeandikwa kwa hasira mpaka karatasi imetoboka. "Saini, upigwe kapicha, uchukue na karatasi yako ya maandalizi ili usije ukasema nimekudanganya. Mambo yamekwisha."

"Kapicha cha nini?"

"Cha kumbukumbu." Akatabasamu. "Ukifaulu."

Bango la getini likamjia kichwani, lile refu, na nafasi iliyobaki pembeni ya mlinzi wa ghala.

Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika. "Dada, saini basi, wote tumesaini!" alisema mmoja. "Unatuchelewesha kwa kiburi," akasema mwingine, na sauti ya tatu, ya mama mtu mzima aliyekuja badala ya mwanawe, ikasema kwa upole uliouma kuliko zote: "Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu."

Profesa alisaini. Karani aliinua simu akampiga picha. Mwalimu akamwambia atabasamu, naye akaonyesha meno kama mtu aliye mbele ya daktari wa meno. Kadi ikaja, ina alama ya kidole gumba cha mafuta juu ya tarehe. Akaipangusa kwa sketi. Mafuta yakaenea.

"Na karatasi yako," alisema mwalimu.

Alipoipokea aliiona kwanza kwa kidole kabla ya jicho, kwa namna alivyozoea kitambaa. Ilikuwa kopi mpya, joto la mashine bado limo. KAMBI YA USHINDI, TOLEO LILILOSAHIHISHWA. Na pale pembeni mwa swali la nne, wino mwekundu ukiwa umegeuka mweusi, maneno yalikaa kama alivyoyaacha: "Bomba la pili linamwaga, halijazi. Toa, usijumlishe." Herufi zake, zile zilizoegemea nyuma kana kwamba zinaogopa mvuke. Na kwenye pembe, kijivu, kivuli cha ncha ya pasi.

Akageuka kuitazama foleni. Kila mwenye karatasi mpya alikuwa na kivuli hicho. Kumi, kumi na tano, na juu ya meza rundo zima, limefika kiwiko cha karani: pasi ya Mama Dobi imekanyaga karatasi zote.

"Mwalimu," alisema polepole, "huu ni mwandiko wangu."

"Mwandiko?" Mwalimu Kambi alishika yai la pili, akaligonga kwenye kona ya meza. "Mwandiko hauna mwenyewe. Ukishatoka mkononi ni elimu." Kisha akashusha sauti, karibu kwa mapenzi. "Nilijua ni wewe. Mama Dobi hawezi kuandika 'jumlisha'." Akachukua mfuko wa nguo chini ya meza, mfuko wa nguo chafu uliofungwa kamba, akamsukumia kwa mguu. "Hizi zirudi kesho. Mfukoni mwa lile la bluu kuna karatasi za somo zima, nimezisahau humo. Unajua mimi nina kazi nyingi. Ukizikuta..." Akakonyeza. "Nyoosha kila kitu."

Profesa aliutwaa mfuko kwa sababu ndiyo kazi yake, akatoka.

Chini ya dirisha la maktaba, ambayo ilikuwa imefungwa kwa kufuli lenye kutu, Miwani alikuwa ameketi akisoma karatasi yake mpya kwa midomo.

"Dada, hii ya tisa umeiona? Bei ya sabuni imepanda asilimia ishirini, mwezi uliofuata ikashuka asilimia ishirini. Jibu, bei ni ileile ya mwanzo. Hii angalau nyepesi."

Profesa alisoma. Akasoma tena. Akageuka kulitazama dirisha la ofisi. Rundo lile pale ndani, mpaka kiwiko cha karani, lina kivuli cha pasi yake, na wote watadhani kilichopita chini ya pasi kimenyooka.

"Funika jibu," alisema.

"Ah dada, si nimeshaliona?"

"Lisahau. Funika kwa mkono. Chukua shilingi mia moja, ipandishe wewe mwenyewe."

Miwani aliandika kwenye mchanga kwa kijiti. Mia moja. Mia moja na ishirini. Akasimama hapo kitambo kirefu, ulimi nje. "Sasa ishirini ya... ya ipi? Ya mia au ya mia na ishirini?"

"Mwenye duka anashusha bei ipi?"

"Iliyopo." Akakokotoa. Tisini na sita. Akatazama mchanga, akatazama karatasi, akatazama mchanga. Miwani ikamteleza puani. "Imekosewa?"

"Umeifanya wewe. Unaniuliza mimi?"

"Lakini nimeikariri mara nne, dada! Na zilizobaki?"

Profesa akauinua mfuko begani. "Una sare nyingine kwetu, namba 112. Kesho asubuhi ifuate mwenyewe, usitume mtu."

Dobini, Mama Dobi aliipokea kadi kwa mikono miwili, akainusa, akakunja uso. "Hii imekaangwa?"

Wakamwagiwa yote: yai, daftari, picha, kivuli cha pasi. Babu Povu alisikiliza huku amekaa kwenye beseni lililopinduliwa.

Mfuko ulifunguliwa. Harufu ikatoka kama mtu aliyekuwa amefungiwa. Katika shati la bluu, kifuani, palikuwa na furushi la karatasi lililobanwa, kurasa ishirini, maswali na majibu yaleyale ya kambi kwa namba zilezile na mengine mapya, na juu, kwa kalamu ya risasi: "Harakisha." Profesa akalikunjua mezani, akapitia swali baada ya swali, kidole kikitembea. Namba tatu ilikuwa imegawa badala ya kuzidisha. Namba saba ilikuwa na pembetatu yenye pembe ambazo hata Babu Povu asingefulia soksi. Namba kumi na moja. Namba kumi na nne ilikosewa mara mbili. Sabuni ile ya namba tisa ilikuwemo pia, imebadilishwa ikawa sukari.

"Eti bei ikipanda ishirini ikashuka ishirini inarudi ileile?" aliuliza Mama Dobi, akichungulia begani. "Nani kasema?"

"Mwalimu."

"Huyo hajanunua sabuni maishani mwake."

"Kola inathibitisha," alisema Babu Povu.

Kalamu nyekundu ilikuwa palepale, kando ya kopo la wanga. Mkono wa Profesa ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kwenye mkunjo. Ukafika, ukaishika. Akaitazama. Akachana kipande cha boksi kidogo kuliko kiganja, akaandika namba tu, zimefuatana: 3, 7, 9, 11, 14. Chini yake: "Funika. Fanya mwenyewe. Ukikosea, andika kosa." Akakitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika 112, akaifunga na sare ya Miwani.

"Hicho kilitoka mfukoni mwake?" aliuliza Mama Dobi, ambaye sheria zilikuwa zake.

"Kilitoka, mama. Kilikuwa kimezama."

Mama Dobi akaguna. Kisha akalinyooshea kidole furushi la mwalimu. "Na haya? Mashati saba kwa wiki, Profesa. Sabuni imepanda, mkaa umepanda. Namba 47 akihama, huyu mzee nitamlipa kwa povu."

Profesa alilisawazisha furushi, kona kwa kona, kama mtu anayekunja shati jeupe la harusi. Hakuandika hata nukta. Akafungua kopo la vikaratasi, akachagua kimoja kisichopinda, akakiweka juu ya ukurasa wa kwanza, juu ya lile neno "Harakisha". DOA LIMEKATAA. Kisha akabaki amekishikilia pale kwa kidole, kwa sababu pini zilikuwa kwa Mama Dobi, na zilikuwa zikikaa mahali pamoja siku zote, kifuani mwa gauni lake, kwenye ukosi.

Uani maji yalidondoka kutoka kwenye mashuka. Mama Dobi alitazama kadi ya mtihani iliyolala mezani, na lile doa la kidole gumba lililoenea kutoka kwenye tarehe.

"Tumelifua kwa haki?" aliuliza.

"Tumelifua, mama. Jumanne, kwa kalamu nyekundu."

Mama Dobi akachomoa pini kifuani, akampa.